Umri wa Karatasi na Umri wa Mama

Ndugu, jamaa, majirani, viongozi wa timu, wachezaji wa zamani, na nyinyi vijana wa sasa mliokaa pale nyuma huku magoti yenu yakigusa viti vya mbele, mimi ni mdogo wake marehemu, baba mmoja mama mmoja, ndiye mimi mliyezoea kuniita Nahodha, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya kaka yangu, kazi niliyoikataa mara mbili kwa sababu, kusema kweli, kuna mambo humu ambayo mpaka sasa hayajaniingia akilini. Naomba mnivumilie. Naomba pia msifuatishe karatasi mliyopewa getini, ile yenye picha yake, kwa maana mstari wake wa kwanza tu hautakubaliana na huu nitakaousoma.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 4 Machi 1981, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa baba yetu, fundi wa simu, ambaye alishatutangulia, na mama yetu, fundi cherehani, ambaye mnamwona hapa mbele. Karatasi yenu inasema alizaliwa tarehe 17 Novemba 1983. Hiyo ni tarehe yangu mimi. Naona mnatazamana, lakini tulieni, nitafika huko, ingawa nikifika msitegemee sana kwamba nitawaelewesha.

Enzi zile mtoto aliyezaliwa hospitalini alipewa kadi ya kliniki kabla hajapewa jina, kwa hiyo kadi zetu zote mbili zimeandikwa mtoto wa kiume wa fulani, yaani mama, kisha uzito, kisha tarehe, basi. Zilikaa pamoja ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya vifungo na nyuzi za mama, na mtu asiyetuzaa asingeweza kujua ipi ni ya nani.

Kuhusu elimu, marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1988 katika shule iliyokuwa nyuma ya karakana ya simu, akamaliza shule ya msingi mwaka 1994, akaendelea na sekondari ya kutwa, na huko ndiko mwalimu wa michezo alikomwona akigusa chuma cha kikapu bila kuruka sana, akampachika jina la Ngazi. Mwezi wa saba mwaka 1998 yakaja mashindano ya shule ya mpira wa kikapu kwa wasiozidi miaka kumi na sita, naye alikuwa na kumi na saba na miezi minne, ndipo baba, mwalimu na Ngazi mwenyewe wakakaa sebuleni, mkebe ukafunguliwa, na kadi yangu ikatoka. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nafanya hesabu za shule, nikaambiwa hii ni siri ya nyumba hii, nami nikaona fahari kubwa, kwamba kumbe hata mimi nina kitu ambacho kaka anakihitaji. Mama hakuulizwa. Aliahidiwa kwamba ni kwa wiki moja tu, akaahidi na yeye kwamba hatamwambia mtu.

Wiki moja, jamani! Kwa kadi ile kaka yangu alikuwa na miaka kumi na minne, na mtoto wa miaka kumi na minne mwenye urefu ule ni maajabu, watu walitoka mbali kuja kumtazama, akapewa nafasi katika shule maalumu ya michezo, akarudishwa madarasa mawili nyuma, akapatiwa cheti cha kuzaliwa kwa kadi ile ile, akachezea timu ya vijana, na makocha wakakaa wakisubiri arefuke zaidi. Walisubiri weee. Ninakumbuka kocha mmoja alikuja nyumbani kumwuliza mama kama mtoto anakula vizuri, maana urefu umesimama ghafla, na mama akajibu kwamba labda ni masomo mengi. Mimi nilipofika wakati wa kutafuta cheti changu, mwaka 2001, mkebeni ilikuwa imebaki kadi moja, ya Machi 1981, nikaichukua hiyo, nikawa mkubwa wa kaka yangu kwa miaka miwili na miezi minane, na kwa sababu hiyo sikuwahi kucheza ligi ya vijana hata siku moja. Nilianzia kwa wazee. Sikulalamika, nilicheka tu, kwa sababu nyumbani lilikuwa jambo la kuchekesha.

Kuhusu kazi, marehemu alicheza katika timu yetu hii tangu mwaka 2003 hadi alipoumia goti tarehe 19 Agosti 2006, akasomea stashahada ya utawala, akarudi mwaka 2008 kama msaidizi wa ofisi, na tarehe 1 Februari 2011 akateuliwa kuwa meneja. Wakati huo mimi nilikuwa mchezeshaji, mgawa mipira, na nahodha wa timu hiyo hiyo, na kwa misimu minne mfululizo tulikuwa tumeshika nafasi ya tatu. Sisi tuliona ni sifa. Yeye aliwaambia viongozi, katika kile chumba cha mikutano juu ya duka la matairi, kwamba nafasi ya tatu ni mahali pazuri sana pa kuzeekea, na kwamba timu yenye wastani wa miaka thelathini na mmoja haiendi mbele, inashuka taratibu huku inapigiwa makofi.

Akaomba misimu mitano, kuanzia Oktoba 2013, baada ya kuwaondoa wazee na kutafuta vijana. Alichukua kalenda za zamani, akazigeuza upande mweupe, akaziunga kwa gundi mpaka zikajaa ukuta mmoja, akachora humo kila mchezaji na umri wake msimu kwa msimu, ili mtu akiona msimu wa tano aone wachezaji saba wakiwa na miaka kati ya ishirini na tatu na ishirini na sita kwa wakati mmoja, wakiwa wamezoeana, wamefungwa pamoja na wamekomaa pamoja. Misimu miwili ya kwanza ni ya kufungwa, aliandika hivyo hivyo, bila haya, wa tatu wa kujifunza, wa nne wa kuingia mtoano, na wa tano wa kugombea ubingwa. Kila kijana apate dakika zisizopungua ishirini, matokeo yawe yoyote, kocha asimtoe kijana uwanjani kwa kosa la kwanza, wala asiuzwe kijana hata mmoja kwa ajili ya staa aliyekwisha kuiva kwingine. Na aliyevuka miaka thelathini aondoke mapema, wakati timu nyingine bado zinamtaka, ili tupate kijana kwa kubadilishana naye.

Sasa, mpango wa namna hiyo unasimama juu ya kitu kimoja, umri, na kaka yangu ndiye aliyejua kuliko mtu yeyote jinsi umri unavyotengenezwa. Cheti hakukiamini kabisa. Alikuwa anakwenda nyumbani kwa kila kijana, yeye na katibu wa timu, dada yetu huyu aliyevaa miwani hapa mbele, anakaa na mama mzazi, anamwuliza taratibu, huyu alizaliwa mvua zikinyesha au kiangazi, aliyemfuata yuko darasa la ngapi, ulipokuwa umembeba ulikuwa unaishi nyumba gani, na akitoka hapo katibu anaandika namba mbili, umri wa karatasi na umri wa mama. Zikipishana, kijana habaki. Kuna mmoja alikuwa na mikono ya dhahabu, mama yake akasahau akasema kwamba amemtangulia dada yake ambaye tayari ameshahitimu, na meneja akafunga faili, akashukuru kwa chai, akaondoka. Mimi niliposikia nilishangaa, nikasema mtu huyu ana uso wa aina gani, lakini nilimsema kimoyomoyo, maana siri ilikuwa bado ni siri.

Jumatatu ya tarehe 16 Julai 2012 niliitwa ofisini, nikapewa barua ya kuachwa. Kwa karatasi nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kwa kweli nilikuwa na ishirini na minane, na katika dunia nzima, ukimwacha yule mwalimu wa michezo, watu waliolijua hilo walikuwa wanne, baba, ambaye alikuwa ameshalala kaburini, mama, mimi, na yeye aliyenipa barua. Nilimtazama nikisubiri acheke. Hakucheka, alisema tu, samahani Nahodha, mpango ndio unasema hivyo, akanishika mkono kama anavyoshikwa mkono mtu baki. Nilichanganyikiwa kiasi kwamba nilisahau begi langu kwenye ngazi za duka la matairi, nikarudi kulichukua, nikamkuta bado amesimama pale pale nilipomwacha.

Nilichukuliwa na timu ya daraja la pili, nikacheza msimu mmoja bila moyo, nikaacha, sasa hivi mimi ni fundi wa vioo na madirisha, na kwa mwaka mmoja na miezi kumi sikusema neno na kaka yangu. Nawaambia ukweli wangu, nilifurahi walipofungwa. Msimu wa kwanza wa mpango walishinda michezo minne kati ya ishirini na sita, mashabiki wakamwita Mwalimu Mkuu wa Chekechea, wakawa wanaleta chupa za maziwa uwanjani, na mimi nilikaa jukwaani nimejifunika kofia, nikacheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikarudi nyumbani nikalia, na sikujua nalilia nini.

Msimu wa pili viongozi walichoka, wakataka kumleta mfungaji mwenye jina kubwa, wa miaka thelathini na miwili, na meneja akaweka barua ya kujiuzulu mezani, akasema akiingia huyo mimi natoka. Wakarudi nyuma. Msimu wa tatu vijana walishinda michezo kumi na mmoja, wa nne wakashinda kumi na saba na kufika nusu fainali, na wale wa chupa za maziwa wakaanza kumwita Mzee, mtu ambaye kwa karatasi alikuwa na miaka thelathini na mitatu.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 2009, na shemeji yangu huyu, mwalimu wa hesabu, nao walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 2010, na kijana wa kiume aliyezaliwa tarehe 22 Mei 2014. Siku hiyo ya Mei mama alinikamata shati, alinikamata kweli, akanipeleka wodini, akaniwekea mtoto mikononi, akasema haya, endelea kununa sasa nikuone. Hapo ndipo tulipoanza tena kusalimiana, mimi na kaka, tukizungumzia mvua, magari, bei ya vioo, kila kitu isipokuwa mpira. Kila mwaka, mwezi wa tatu, mama alimletea kaka shati jipya bila kueleza kwa nini, na shemeji aliniuliza zaidi ya mara moja kama huyu mama mkwe ana mpango gani na mwezi wa tatu.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusikia maumivu upande wa kulia Januari 2017, akaendelea kwenda kazini akiwa ameshikilia mbavu, na tarehe 14 Juni akalazwa, ikaonekana ni saratani ya ini. Pale mapokezi shemeji alimjazia fomu, 17 Novemba 1983, na mama, ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuteleza ulimi, akamwambia muuguzi, futa hiyo, mwanangu ana miaka thelathini na sita. Shemeji akasema mama umechoka, mama akasema sijachoka, na daktari alipotoka akauliza kama wagonjwa ni wawili. Ndivyo mke alivyojua umri wa mumewe, kwenye dirisha la mapokezi, foleni ikiwa nyuma yake. Aliniambia baadaye, nimefundisha hesabu miaka kumi na mmoja, na nimeshindwa kumjumlisha mume wangu mwenyewe. Alikasirika siku mbili, siku ya tatu akarudi na uji wa mgonjwa.

Jumamosi ya tarehe 9 Septemba nilikuwa naye peke yetu saa ya kuona wagonjwa, akaniuliza, Nahodha, una miaka mingapi? Nikamtania, ya karatasi au ya kweli? Akasema ya kweli. Nikamwambia thelathini na mitatu. Akahesabu kwa kidole juu ya shuka, kuanzia ishirini na minane, umri niliokuwa nao siku ya barua, polepole, kisha akasema, misimu mitano. Nikadhani anazungumzia mpango wake, nikamwambia ndiyo, msimu wa tano unaanza mwezi ujao, vijana wako tayari, utatoka uwaone. Akatikisa kichwa, akanitazama, akanitazama, na muuguzi akaingia kubadilisha dripu. Nilitoka pale nikimwambia shemeji kwamba mgonjwa leo amechanganyikiwa kidogo.

Marehemu alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 21 Septemba 2017, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita, miezi sita na siku kumi na saba.

Hapa ndipo historia ilipotakiwa kwisha. Lakini Jumamosi iliyopita katibu wa timu alikuja nyumbani na zile kalenda zimekunjwa chini ya kwapa, akatukuta mimi na mama sebuleni, akasema kuna jambo limemkaa rohoni. Alisema tarehe 7 Julai 2012 meneja alimwambia twende kwa mama yake Nahodha, tumwulize kama tunavyowauliza mama wengine, ndugu yangu asipendelewe na wala asionewe. Wakaja, akabisha hodi nyumbani kwao kama mgeni, akakaa, akauliza yale maswali yake yote, mvua, nyumba, nani kamfuata nani. Na mama yetu, alipomwona dada wa watu na kalamu mkononi, akadhani mwanawe amekamatwa, akamtetea kwa nguvu zote. Akasema Nahodha ndiye mkubwa, nimemzaa Machi themanini na moja, Jumatano, mvua inanyesha. Katibu anasema meneja aliuliza mara ya pili, mama, una hakika? Mama akajibu, mwanangu, mimi ndiye niliyezaa.

Katibu akaandika thelathini na moja, umri wa karatasi, thelathini na moja, umri wa mama. Walipotoka getini meneja alimpa faili amshikie, akainama muda mrefu akifunga kamba za viatu, na katibu anasema viatu vile havikuwa na kamba. Nimeiona ile kalenda. Mahali pa umri wangu wa mama pamefutwa na kuandikwa, pamefutwa na kuandikwa, mpaka karatasi imetoboka.

 Mama aliingia chumbani, nikadhani ameenda kujilaza, akatoka na kadi zote mbili za kliniki, tulizomrudishia baada ya kupata vyeti, akaniwekea mkononi, akasema, soma yote Jumanne, na hilo langu ulisome. Mwenyekiti wa timu, namheshimu sana, leo asubuhi alinivuta pembeni akaniomba nisome tarehe ya cheti tu, kwa sababu timu nyingine zikisikia kwamba mkaguzi wa umri alikuwa na umri wa kuazima, zitataka vijana wetu wote wachunguzwe upya, na msimu wa tano ndio huu. Mwenyekiti, nisamehe. Waje wachunguze. Nyinyi vijana umri wenu ni wa kweli, nimeusoma mstari kwa mstari, alikaa kwa mama zenu mmoja mmoja mpaka akauhakikisha. Katika ukuta ule mzima namba ya uongo ni moja tu, na mnajua ni ya nani.

Mama, hukukosea. Uliulizwa na mwanao mmoja habari za mwanao mwingine, ukamlinda aliyekuwa mbele yako, sijui mama gani angefanya vingine. Ninachoshindwa kuelewa ni yeye. Angeweza kurudi kesho yake bila katibu. Angeweza kuniambia mimi. Au aliona kwamba ili mimi niwe na ishirini na minane lazima yeye awe na thelathini na moja, na hapo shule, timu ya vijana, cheti, umeneja, mpango, vyote vimekwenda na maji? Au labda miguu yangu ilikuwa imekwisha kweli, na akashukuru kwamba mama amemrahisishia? Nimegeuza hivi, nimegeuza vile, kichwa kinauma, na mwenye jibu amelala hapa hanijibu.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, waliomhudumia bila kuchoka na waliokubali kubadilisha tarehe kwenye faili bila kutuuliza maswali mengi, majirani waliotuletea viti na maji tangu siku ya kwanza, walimu wenzake shemeji, viongozi, makocha na wachezaji wote, mashabiki, hata wa chupa za maziwa, na fundi seremala aliyekubali kukipiga rangi upya kibao cha kaburi leo asubuhi ili kiandikwe 4 Machi 1981. Tunamshukuru pia katibu, kwa sababu angeweza kunyamaza.

Kaka, tarehe yako nimekurudishia, iko pale kwenye kibao. Yangu nimeichukua, na pamoja nayo miaka miwili na miezi minane ambayo sina timu ya kuichezea. Natamani niseme mbele ya watu hawa kwamba nimekusamehe, lakini bado sijui nikusamehe lipi, kunyamaza kwako kwa mama au kunyamaza kwako kwangu, na sitaki kukudanganya, maana tumedanganyana vya kutosha. Siku nikijua nitakuja hapa nikuambie. Kwa miaka kumi na sita nilitembea na cheti kinachosema kwamba mimi ndiye niliyekutangulia, nikasaini fomu ngapi sijui, na leo kwa mara ya kwanza nalisema lililo kweli mbele ya mama yetu na mbele ya watu. Tangulia ukapumzike, kaka. Wewe ndiye mkubwa.